Nafasi ya Jumapili

Ntimaru,
30 Desemba 2024

Kwako Nashon Oyaro, mwuza nyavu wa Mbita,

Nakusalimu wewe, mama watoto, na saa zako zote kila moja kwa siku yake. Sisi huku hatujambo, ila mimi moyo umenivimba kwa kukosa kumzika Mwalimu Ratemo. Najua umeshanisema. Najua pale nyumbani kwake Suna kila mtu tuliyesoma naye chuoni aliuliza, "Gisiri yuko wapi?" nawe ukajibu kwa ile sauti yako ya upole, "Si mnamjua? Atafika tu, hata kama ni kesho."

Safari hii sikuchelewa, nilizuiwa. Tony wangu alitahiriwa mwanzoni mwa mwezi, na kwetu Wakuria baba mwenye kijana ndani hakanyagi matangani, wala kitu cha marehemu hakivuki lango la boma lake mpaka vijana watoke. Nilimwambia mzee wa ukoo kwamba aliyekufa ndiye aliyenifundisha kushika chaki. Akaniuliza, "Na huyo mwalimu wako atakuja kukausha kidonda cha mtoto kikikataa kupona?" Nikarudi ndani, nikakaa.

Ningekupigia simu, lakini sheria yetu ni ile ile: simu ni ya magonjwa na bei ya samaki, mambo ya saa ni ya barua.

Azima yako ya Krismasi ilifika salama. Nimeifungua ile saa ya baba yako kutoka kwenye soksi uliyoifungia (soksi ilikuwa safi, nashukuru), nikaiweka kwenye mkebe wangu wa biskuti, mahali pa ile yangu ya uso wa kijani uliyo nayo wewe. Mwaka huu ni zamu ya Alhamisi kwa Alhamisi, na kama kila mwaka, mpaka Pasaka. Nashon, ile saa ni nzito! Ukiivaa unajua una mkono. Shule zikifunguliwa, kila Alhamisi nikiandika ubaoni itateremka kuelekea kiwiko, na darasa la sita watanitazama kwa heshima mpya. Inapoteza dakika tano kwa siku na sijali. Ule mkwaruzo kwenye kioo ni wa nini?

Sasa nikuulize jambo, na usinicheke. Saa ya Mwalimu imekwenda kwa nani? Ile nyembamba, uso wa rangi ya maziwa mazito, na kile kiduara cha sekunde hapo chini. Unajua mkebe wangu una saa sita. Unajua ni nafasi gani iko wazi.

Wako,
Elkana Gisiri

---

Mbita,
6 Januari 2025

Mwalimu Gisiri, mura, kijana wa Wakuria,

Salamu zako zimefika, na saa zangu zimeitika. Hapa tuko salama. Mbuta ziwani ni wachache, kwa hiyo wavuvi nao hawanunui nyavu, kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kupangusa vioo.

Mazishi yalikuwa makubwa. Watu walitoka Kisii, Migori, hata Kisumu. Walimzika na mvua ikinyesha, na mchungaji alihubiri kana kwamba analipwa kwa saa. Mama Marion, mjane wake, yuko na nguvu. Alikuulizia. Nilimweleza mambo ya Tony na akasema anaelewa, nao Wakisii wana mambo yao. Wala sikusema hayo unayosema nilisema. Nilisema tu kwamba ungekuwepo tungekula chakula kilichopoa, kwa kukungoja.

Kuhusu saa ya Mwalimu, penye msiba mtu haulizi vyombo vya ndani. Sijui walivyogawana.

Ule mkwaruzo ni wa nanga. Baba aliinunua pale Sori, ule wakati mbuta walikuwa wengi mpaka wavuvi wananunua viatu vya ngozi na kuvivaa ndani ya boti. Wenzake walinunua redio na bia. Yeye akanunua saa, akasema, "Redio itaniambia mambo ya watu, hii itaniambia yangu." Alikufa nayo mkononi, kitandani. Mimi ndiye nilimvua. Nyuma utaona amechora herufi O kwa msumari, imepinda. Kwa hiyo usiivae ukienda kukamua, na usimpe Tony kuchezea.

Ile yako ya kijani nimeivaa Alhamisi. Mama watoto anasema rangi ni ya mboga.

Osiepni, rafiki yako,
Nashon

---

Ntimaru,
19 Januari 2025

Ndugu Nashon,

Vijana wametoka! Tony ametembea barabara nzima ya Ntimaru kafunikwa mashuka na zawadi, mama yake, Terry, akiimba mbele mpaka sauti ikakauka. Tumekula, tumecheza, na mwiko umekwisha. Sasa naweza kwenda matangani, naweza kushika cha marehemu, mtu yeyote mwenye kitu changu anaweza kukileta. Natania tu.

Leo ni Jumapili. Nimetandaza taulo mezani, nikazitoa zote. Sijui kama wewe unasikia ninavyosikia. Mtu anaweza kufundisha miaka ishirini na saba, apewe wakubwa wanaoweza kuwa watoto wake, alipe karo, apake nyumba rangi, na asiwe na kitu kimoja anachoweza kusema hiki nilikichagua mimi, kwa jicho langu, bila kuulizwa. Ile ya Jumatatu, nyeusi ya Kijapani, niliipata kwenye mtumba pale Migori ndani ya mfuko wa koti, mwuza koti hakujua. Ya Jumanne nilibadilishana kwa jogoo. Ya Ijumaa ina mkanda uliokatwa kutoka kwenye mkoba wa shule wa Tony. Naziweka sikioni moja baada ya nyingine, na kila moja ina sauti yake. Terry anasema siku moja nitazilisha uji.

Halafu nafika kwenye nafasi ya Jumapili, pale nilipokunja kitambaa cheupe na kukiacha hivyo. Wewe ulikuwa ukinicheka. Nilikuambia kwamba kwetu namba saba ina nuksi, ndiyo maana nakaa na sita. Nilikuwa nakudanganya. Nafasi ile niliiweka mwaka Mwalimu Ratemo alipostaafu, akatukalisha sisi wawili kwenye kibaraza chake, akaivua ile saa, akaipangusa kwa tai, akasema, "Nikienda, hii itabaki na mmoja wenu." Ulikuwepo. Ulisikia.

Nitasema wazi, maana kuuliza si ujinga. Tangu chuoni nakuonea wivu, Nashon. Wewe ulikaa mbele. Wewe ulikuwa ukifika kabla ya kengele na kupanga madaftari yake. Wewe alikupa ile saa uitie ufunguo kabla ya mtihani, mbele ya darasa zima, na uliizungusha ile taji yake ndogo polepole kama padri. Wewe alikuita Nashon. Mimi nilikuwa "yule bwana wa Ntimaru aliye mlangoni." Kama amekuachia wewe, niambie. Nitaumia, kisha nitapona. Ila kutojua ndiko kunakonila.

Gisiri

---

Mbita,
5 Februari 2025

Mura,

Hongera kwa Tony. Mwambie sasa yeye ni mtu mzima, aanze kununua sukari.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mambo ya duka. Hii barua ni fupi. Kuhusu lile swali lako, pengine watoto wake wanayo. Mtu akifa, maneno ya kibarazani hufa naye. Usijichoshe, omera, ndugu yangu. Saa ziko nyingi duniani. Juzi nimeona moja pale Homa Bay, uso mweupe, safi, ingekufaa sana kwa Jumapili.

Habari zangu za mkebe si nyingi. Ile yangu ya Jumapili, ya dhahabu ya uongo, nimempa shemeji yangu Cephas, alikuwa akiitamani siku nyingi. Basi ni hayo.

Itunze ya baba.

Nashon

---

Ntimaru,
2 Machi 2025

Nashon Oyaro,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Homa Bay.

Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja. Usiku wa tatu nikiwa nasahihisha insha nikaacha kalamu. Sheria ya saba tuliiandika pamoja na kuitia sahihi: mtu hazidishi saba, na ikitoka moja ni kwa sababu imeingia moja. Miaka kumi na tisa Cephas amekuomba ile ya dhahabu ya uongo, ukamnyima hata siku ya harusi yake. Leo umempa. Jumapili yako imeingia nini, Nashon?

Nikasema nisimhukumu mtu kwa hesabu. Nikangoja. Ndipo Phanice, binti wa dada yangu, huyo muuguzi wa hapo kwenu, amekuja nyumbani wikendi hii. Nikamwuliza kwa mbali tu, "Unamwonaga rafiki yangu Nashon?" Akasema, "Namuona kanisani, uncle. Siku hizi ako smart. Ako na saa fulani ya kizee, nyembamba hivi, rangi ya maziwa. Akiimba anainua mkono juu watu waione." Nikamwuliza kama kuna kiduara kidogo hapo chini. Akasema, "Eeh! Umejuaje?"

Nimejuaje!

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ningekuwa nimeambiwa tu, ningekubali. Mwalimu alikupenda zaidi, sawa, nilijua tangu nikiwa na miaka ishirini. Lakini umeniacha nikikunjua kitambaa cheupe kila Jumapili kama mjinga, nawe uko kanisani umeinua mkono. Umenishauri nikanunue nyingine Homa Bay! Nimekasirika mpaka jana nimemfokea mtoto wa watu kwa kuuliza ni saa ngapi.

Basi sikia. Saa ya baba yako iko kwangu, na mla cha mwenzie na chake huliwa. Soko letu kubwa ni Jumamosi tarehe 15. Ukinijibu kwa kweli kabla ya siku hiyo, vizuri. Usipojibu, utajua mimi pia najua kupoteza saa ya mtu. Na usinipigie simu. Sitashika.

E. Gisiri

---

Mbita,
12 Machi 2025

Ndugu yangu Gisiri,

Barua yako imenifikia leo asubuhi, ilikuwa imelala kwenye ofisi ya vifurushi Homa Bay. Nimekupigia mara sita. Alipokea Terry mara moja akasema uko msalani, nami nilikusikia ukikohoa nyuma yake. Kisha naona umenifungia kabisa. Sasa naandika mbio. Kifurushi kinaondoka saa nane.

Saa ya Mwalimu iko ndani ya soksi. Ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo.

Siku ya mazishi Mama Marion aliniita jikoni akanipa ile saa ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kitabu cha mazoezi. Akasema, "Mzee alisema hii ni ya Gisiri. Umpelekee." Nikamwambia, Mama, kwa Gisiri kuna kijana aliyetahiriwa, kitu cha marehemu hakiingii boma lake sasa, nitakaa nayo mpaka watoke. Hapo sikusema uongo. Naapa. Nilikuwa nalinda mwiko wako kuliko unavyoulinda wewe.

Lakini saa ya ufunguo haifai kulala, unajua mafuta yake yanaganda. Nikaitia ufunguo. Ukiitia ufunguo ni lazima uisikilize. Ukiisikiliza unataka kuona inavyokaa mkononi. Jumapili ya kwanza niliivaa ndani ya nyumba tu. Ya pili nikaenda nayo kanisani, mkono wa shati ukiwa umeifunika. Ya tatu sikuifunika. Uliponiandikia kwamba vijana wametoka, nilisoma barua yako nikiwa nimeivaa, nikaivua, nikaifunga, nikaandika jina lako juu ya boksi. Asubuhi nikaifungua tena.

Wewe unasema uliniona mimi ndiye mpendwa. Gisiri, miaka miwili nilifika kabla ya kengele. Nilibeba madaftari yake kwenye matope. Nilifua kitambaa cha ubao. Na alipokufa hakuniachia hata kalamu nyekundu. Alikukumbuka wewe uliyekuwa ukiingia somo limefika katikati, shati nje, na yeye anashindwa kuficha kicheko. Nimekaa kanisani nikisikiliza ule mfano wa mwana mpotevu, na kwa mara ya kwanza nimemwelewa yule ndugu mkubwa aliyebaki nje akikataa kula. Nilikuonea wivu mpaka nikawa mwizi. Sina neno lingine la kujiita.

Karatasi yenyewe, ile iliyofungia saa, ina maneno ya Mwalimu, nimeiweka hapo. Ni mkono wake, kalamu yake ile nyekundu. Niliisoma siku ya kwanza na nikaificha ndani ya Biblia, mahali pabaya kabisa pa kuficha kitu.

Nakuomba kitu kimoja. Nitukane, niache, waambie watu wote wa Suna. Lakini usiiguse saa ya baba. Tafadhali, Elkana.

Nashon

*(Karatasi ndani ya kifurushi:)*

*Kwa Gisiri wa Ntimaru. Nashon haihitaji, hufika mwenyewe. Huyu mpeni saa, pengine atajifunza kuwahi. – Ratemo*

---

Ntimaru,
23 Machi 2025

Nashon,

Nimeanza barua hii mara nne.

Kifurushi chako kilinifikia Jumatatu tarehe 17. Kilishinda Migori Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ya mvua. Mimi nilikwenda sokoni Jumamosi hiyo asubuhi, nikiwa na saa ya baba yako mkononi. Nataka ujue kwamba nilipotoka nyumbani sikuwa nimekata shauri kuiuza. Nilitaka tu nirudi nikuandikie kwamba niliipeleka sokoni, uogope, ulale vibaya usiku mmoja kama nilivyolala mimi miezi miwili.

Kulikuwa na mnunuzi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mpaka. Akaja, akainama, akasema, "Shikamoo mwalimu. Saa yako nzuri sana hiyo, inapendeza." Kile Kiswahili chao kinachokufanya uuze hata usichotaka. Nikamwambia haiuzwi. Akasema, "Basi samahani, mzee wangu, sikujua ni ya ukumbusho." Na hapo ndipo nilipoharibika. Nilikuona akilini umeinua mkono kanisani. Nikasema, "Ukumbusho wa nani? Chukua." Niliiuza kwa bei ya hasira, sikubishana. Aliivaa palepale. Akaitazama akiwa anaondoka na ng'ombe wake wanne, na mimi nikasikia raha, Nashon. Sitakuficha. Nilisikia raha mpaka Jumatatu saa tano.

Wahenga walisema hasira hasara, nami nimewaandikisha watoto hiyo methali mara mia kama adhabu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi. Halafu nikasoma ile karatasi nyekundu. Nilicheka kwanza, unajua? Nilicheka kwa sauti, mwalimu mwenzangu akatoka kunitazama. Miaka thelathini nimejitesa kwamba alikupenda wewe, kumbe aliniachia saa kwa sababu ya ukaidi wangu wa kuchelewa. Kisha kicheko kikaisha. Mara moja tu katika maisha yangu niliwahi, Nashon, na niliwahi kuuza saa ya baba yako.

Nimeomba ruhusa shuleni. Nimevuka mpaka mara tatu. Nimekwenda minada miwili, nimefika mpaka Tarime, nimewauliza wachinjaji, wenye hoteli, mafundi wa saa wawili. Nimewaelezea: chuma kizito, mkwaruzo kwenye kioo, herufi O imepinda nyuma. Mmoja aliniambia, "Mzee, huyo mtu ananunua ng'ombe mpaka Mwanza huko." Sikujua hata jina lake. Niliuza saa ya baba wa rafiki yangu kwa mtu ambaye sikumwuliza jina.

Naweka ndani ya soksi hii saa ya Mwalimu na karatasi yake. Sijaivaa hata mara moja. Niliiweka kwenye kitambaa cheupe usiku mmoja, ikakaa vizuri, sawasawa kama nilivyoota, nikashindwa kulala chumba kimoja nayo. Chukua. Ile yangu ya kijani baki nayo pia. Sikupi malipo, najua hailipiki. Nakupa kwa sababu sina uso wa kubaki na kitu.

Gisiri

---

Mbita,
22 Aprili 2025

Gisiri,

Ni karibu mwezi sijakujibu. Haikuwa duka wala mvua. Nilikuwa na hasira na nilitaka uisikie.

Nilipofika kwenye neno "Chukua" niliiweka barua chini nikatoka nje. Nilikaa ufukweni pale boti zinapovutwa, mpaka mama watoto akamtuma mtu anitafute. Nilitaka kukuchukia peke yako, ingekuwa rahisi. Lakini kila nikianza, nakuta mkono wangu umeshika mkia wa jambo hili. Ningeleta ile saa Januari, baba angekuwa kwenye mkebe wangu leo. Wewe uliuza, na mimi ndiye nilikupeleka sokoni. Bado nina hasira nawe. Yote mawili ni kweli, sijui nifanye nini nayo.

Kila Alhamisi nanyoosha mkono kwenye mkebe kabla ya kukumbuka. Mama watoto amenunua saa nyingine, ya bei nafuu, akaiweka pale kimya kimya. Ni mwanamke mwema. Nimemrudishia. Mtu mmoja huko Mwanza anaangalia saa ya baba akijua tu kwamba inachelewa dakika tano, na hajui ni kwa nini ina herufi O.

Nimeivaa saa ya Mwalimu Jumapili ya Pasaka, mara ya mwisho. Watu waliimba, nikashindwa kuinua mkono. Nakurudishia. Usinirudishie tena, hatuwezi kuwa wazee wawili wa kurushiana soksi. Karatasi yake iko ndani. Ile ya kijani pia iko ndani, azima imeisha Pasaka kama sheria inavyosema. Krismasi ni mbali, nitaona kama nitakuwa na la kukuazima.

Na nikuambie ukweli wa mwisho: nimeifunga mara tatu hii saa, na mara mbili nimeifungua. Wivu haujaisha, omera. Umebaki kidogo, kama mchanga kwenye kiatu. Nimeitia ufunguo asubuhi hii mpaka ikagoma. Itatembea siku moja na nusu hivi. Ikikufikia ingali hai, basi barabara ilikuwa nzuri. Ikikufikia imesimama, itie ufunguo wewe, polepole, usiilazimishe mwishoni. Alinifundisha hivyo.

Nashon

---

Ntimaru,
9 Mei 2025

Nashon,

Imefika. Ilikuwa imesimama saa nne kasoro dakika nane. Niliitia ufunguo polepole, sikuilazimisha mwishoni, na Jumapili niliivaa, nikawa kanisani kabla ya mchungaji. Terry alidhani naumwa.

Nilikwenda Suna kumpa pole Mama Marion, miezi mitano baadaye. Aliitazama mkononi mwangu akasema, "Nashon aliileta? Alikuwa mtu wa kuaminika sana, mzee alimpenda." Nikamwambia ndiyo, aliileta. Nikaona vibaya moyoni, kale kasindano ka zamani kakanichoma pale pale, mbele ya mjane. Kwa hiyo usijione uko peke yako na mchanga wako.

Yule mnunuzi bado namtafuta. Kila soko nasimama penye ng'ombe na kutazama mikono ya watu. Wananidhani mchawi.

Ile ya kijani imerudi mahali pake kwenye mkebe, lakini siivai. Alhamisi sivai saa yoyote. Jana nilichelewa darasani, watoto wakaniuliza, "Mwalimu, saa yako iko wapi?" Nikawaambia leo sina, wafungue vitabu.

Gisiri